Jogoo Wangu, Kitufe Chenu na Boma Lisilofunguka

Kwa Mkuu,
Idara ya Ubongo na Tabia za Wanyama.

Mheshimiwa Profesa,

KUH: KUNYAMAZA KWA JOGOO KULIKOSABABISHWA NA SAYANSI

Kwa moyo mzito, na baada ya kushauriana na familia, nakutangazia rasmi kwamba jogoo wangu hawiki. Najua una mambo makubwa. Hili nalo ni kubwa, na linaishi jikoni kwangu.

Mimi ni mpangaji hapa Migosi. Sayansi sikuisomea darasani, ila nimetazama vitu vingi kwa makini. Ni ukuta mmoja tu unaonitenganisha na Griffins, mwanafunzi wako, kijana wa heshima anayesalimia watu hata akiwa na njaa.

Jumamosi hii nafungua boma langu kule Seme. Kwetu sisi Wajaluo, mtu hatoki kwa baba yake kwenda kuanzisha makazi yake mikono mitupu: huenda na jogoo, shoka na moto. Shoka ninalo. Moto si shida. Lakini Baba Mdogo Absalom, atakayenionyesha mahali pa kusimamisha nyumba, amesema jogoo asipowika alfajiri ya kwanza, hilo si boma, ni kibanda. Na nisipofungua mimi, mdogo wangu Ondiek hawezi kufungua lake, maana mdogo hamtangulii mkubwa. Mabati yake yananyeshewa, na mchumba wake ameanza kusifia mabati ya watu wengine.

Jogoo nilimnunua Kibuye, mnene, kilemba chekundu kichwani. Alikuwa kimya tangu sokoni. Sikushangaa, hata mimi nikiwa safarini huwa siongei.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Griffins aliniomba jogoo wa kufanyia mazoezi, kwa kuwa panya wa idara wana foleni. Akamwekea ubao wenye kitufe chekundu. Akikidonoa, mahindi hudondoka, lakini si kila mara. Griffins alinieleza kwamba kichwani mna kitu kiitwacho dopamini, ambacho kazi yake si kumshibisha mnyama bali kumfanya atarajie, na kwamba zawadi isiyojulikana itakuja lini ndiyo inayomfunga kabisa. Panya, akasema, anaweza kubonyeza mpaka asahau kulala. Nikamwambia shemeji yangu yuko hivyo hivyo na simu yake, na hakuna aliyewahi kumdondoshea hata punje.

2. Sasa ndege huyu anadonoa chochote cha mviringo. Amedonoa kengele ya geti mpaka mama mwenye nyumba akatoka na povu masikioni. Amedonoa rimoti mpiga penalti akiwa ameshaanza kukimbia, tukajikuta kwenye kipindi cha mapishi. Hadi leo wapangaji wa ploti nzima hawajakubaliana kama aliingiza. Mchungaji Laban alikuja kumwombea, akarudi nyumbani shati wazi, halina kifungo hata kimoja.

3. Mitetea wanapita mbele yake, hana habari nao. Mbaya zaidi, jogoo wa jirani anamfuata kila mahali, anamzunguka huku ameshusha bawa moja, na wangu hapigani. Anasimama tu. Dopamini yote imeishia kwenye kitufe, hana hata ya kujitetea.

4. Tangu juzi hata kitufe amekiacha. Anakaa ndani ya beseni la nguo safi, amekodoa macho, ukimsogelea anavimba. Griffins anasema hiyo ni huzuni ya mnyama aliyezoea zawadi kisha akanyimwa. Nimemwashia redio. Mke wangu Dorca alipita hapo, akamtazama sana, akaniambia, "Baba Winny, wewe endelea tu na barua yako," akatoka akicheka peke yake. Nawe unaona familia ilipofikia.

Kwa hiyo naiomba idara imrudishie jogoo dopamini yake kabla ya Ijumaa, ikiwa kwenye chupa au vyovyote mnavyoihifadhi. Kama imeshatumika, basi mnitolee mhadhiri mmoja mwenye kifua, aje Seme awike kwa niaba ya marehemu sauti. Asije na hotuba. Awike alfajiri, anywe chai, arudi kazini. Baba Mdogo Absalom haoni vizuri siku hizi, kwa hiyo akichutama nyuma ya nyumba itatosha. Asiwe profesa kamili, tafadhali. Hao huwika wakati wanaotaka wao. Akifanya vizuri, nitamkabidhi kwa Ondiek, naye ana boma la kufungua.

Nisalimie walimu wote, makarani, na wale panya walioko kwenye foleni. Waambie wasikubali kitufe cha kwanza.

Nabaki nikisikiliza,

Yona Ajwang,
mwenye boma (mtarajiwa).

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha nimemwinua ili nitoe shati langu la safari kwenye beseni. Jogoo ametaga.