Kiingereza cha Melini

Jumatatu, 6 Machi 1995
Nimefungua chuo! Kiingereza cha Melini, hapa hapa Lamadi. Tangu nipunguzwe ukarani kwenye ushirika wa pamba nilikuwa natafuta pa kuanzia. Sasa biashara ni huria, na kiwanda kipya cha samaki kinaleta meli yenye nahodha Mgiriki. Mwanafunzi wa kwanza ni shemeji yangu Nyanda. Meli sijawahi kupanda. Kitabu ninacho.

Alhamisi, 9 Machi
Huyu Joakim! Baharia mstaafu, miaka kumi kwenye meli za nje, anafundisha bure pale mwaloni, wanaposhushia samaki. Karatasi moja tu, sentensi fupi fupi za kitoto. Eti mabaharia wa dunia nzima hutumia hizo hizo. Eti amri ya nahodha lazima uirudie kwa sauti kabla ya kutenda, ajue umeelewa. Kumrudishia mkubwa maneno yake! Kwetu huko ni kumdhihaki. Nimemfundisha Nyanda kuinamisha kichwa na kusema "Yes, sir". Anapendeza kweli.

Jumapili, 12 Machi
Mke wangu Wilhelmina kaniomba Nyanda aende kwa Joakim walau siku mbili. Nikamwuliza, mimi mkuu wa chuo nitaficha wapi uso wangu? Akasema hana ndugu mwingine. Nikamwambia aache woga.

Jumatano, 15 Machi
Nyanda kapata kazi! Nahodha kaipenda adabu yake. Nimetembea sokoni mara tatu ili nipongezwe.

Jumanne, 21 Machi
Nyanda amekufa. Wakati meli inafungwa gatini, nahodha alimwamuru asogee mbali na kamba. Akainamisha kichwa, akasema "Yes, sir", akabaki palepale. Kamba ikakatika, ikampiga kifuani. Mungu wangu!

Ijumaa, 24 Machi
Tumemzika kwao Ipililo. Joakim alilia kuliko mimi. Hata hapo kanizidi! Wilhelmina akauliza kama nilimfundisha ndugu yake maneno ya kusogea mbali na kamba. Nikajibu yamo kwenye sura ya tisa ya kitabu, hatukuwa tumefika. Amebaki huko kwao.

Jumatatu, 27 Machi
Nyumba kimya. Uji nimeuunguza. Nimekaa nikalia, namkumbuka Nyanda, na Wilhelmina harudi. Saa nne nikanawa uso, nikachukua brashi, nikaandika kibao kipya: Kiingereza cha Marubani. Ndege hazina kamba.