Marufuku ya "Ya Moto"

Kampuni ya Bia ya Majabali inautangazia umma wa Kanda ya Ziwa kwamba bia ya moto haipo, haijawahi kuwepo, na kuanzia Jumatatu ni marufuku kuiagiza.

Mimi Pius, Afisa Ubaridi wa Kanda, ndiye niliyekabidhiwa utekelezaji. Hapa kwetu mhudumu akija mezani huuliza, "Ya baridi au ya moto?" Ya moto si bia iliyochemshwa, ni ile tu isiyopita kwenye jokofu. Kampuni iliuvumilia uzembe huo miaka mingi, hadi ilipoanza kuuza majokofu, barafu, maji ya chupa, na jenereta za kuendeshea majokofu umeme ukikatika. Ndipo madhara ya bia ya moto kwa meno na matumbo ya wananchi yalipoanza kutunyima usingizi.

Kanuni ni fupi. Atakayetamka "ya moto" kwenye baa atasitishiwa bidhaa zote za Kampuni. Baa itakayomhudumia itanyimwa bia.

Siku ya kwanza nilikaa kwenye baa ya Celestina, Igoma. Akaingia mzee Mayala, fundi cherehani.

"Shikamoo mzee," nikamwahi.

"Marahaba. Celestina, nipe ya moto. Meno yangu si unayajua?"

Celestina akanitazama, akampa. Nikasitisha bia ya baa palepale.

"Afisa, watoto wangu wanasoma kwa pesa ya baa hii," Celestina alisema. "Sasa niuze nini, upepo?"

Nilimwonea huruma, nakiri. Nikamwombea nafasi ya mwisho: apokee jokofu letu mbele ya Mkurugenzi, ndipo arudishiwe bia. Akikosea tena, anafunga moja kwa moja.

Jumamosi Mkurugenzi, Bwana Apolinary, akaja kuzindua jokofu, kipaza sauti kimebanwa kwenye kola na shavu la kushoto limevimba kidogo. Alihutubia kwa kirefu kuhusu uwezeshaji wa ubaridi jumuishi. Kisha akafungua chupa, akapiga funda moja. Macho yakamtoka. Akamwinamia Celestina.

"Mama, jino linaniua. Huna hata ya moto?"

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Igoma nzima ikasikia.

Celestina hakumhudumia. Alinigeukia mimi.

"Afisa, fanya kazi yako."

Kanuni ni kanuni. Nikamnyang'anya Mkurugenzi chupa. Akaomba barafu ya kukandia shavu. Ni ya Kampuni. Akaomba maji ya kumezea dawa; ya Kampuni. Akasema basi anaondoka, na dereva akakumbuka kwamba hata gari ni la Majabali Usafirishaji. Akazima injini.

"Kaa hapa, mwanangu," mzee Mayala alimwambia, akimsogezea kiti. "Pole na jino."

Celestina akaleta kikombe cha chai ya tangawizi.

"Hii nimepika mwenyewe, bosi, haina Kampuni ndani. Sasa nikupe hivihivi, au niiweke kwanza kwenye jokofu lako, isije ikawa ile isiyotajwa?"

Mkurugenzi alikitazama kikombe kikifuka moshi. Akanitazama mimi, mtumishi wake mwaminifu, nisiyeweza kumsaidia. Akanong'ona kwamba marufuku imefutwa na bia ya mama irudishwe.

"Sema kwenye kipaza sauti," Celestina alimwambia. "Mzee Mayala hasikii vizuri."

Mzee Mayala husikia vizuri kabisa. Lakini aliweka mkono sikioni, na Mkurugenzi akarudia mara mbili.