Meza Yetu Kando ya Jiko

Alhamisi, 9 Oktoba

...na ndiyo maana sitakubali meza nyingine, hata Mama Kuni mwenye hoteli anipe ile ya dirishani yenye maua. Meza yetu ni moja tu, ile ya duara kando ya jiko la kuotea moto. Hapo ndipo Veit alipopiga goti mwezi wa Juni, kiwiko kikazama kwenye haradali, na hakujali. Veit wangu. Mume wangu! Jumapili tunatimiza mwezi mmoja wa ndoa, na nimeapa tutautimiza pale pale.

Tumefika saa tisa alasiri. Kijiji kizima kinanukia kimea. Alwin, mume wa Mama Kuni, anapika bia nyuma ya hoteli kama walivyofanya baba yake na babu yake, na hauzi hata chupa moja nje ya kijiji. Tumepewa chumba namba tatu. Dirisha linatazama mabwawa ya samaki. Veit amesema mabwawa yanang'aa kama macho yangu. Maji yake ni ya kahawia, lakini nimeelewa alichokusudia.

Nilishuka peke yangu kumwomba Mama Kuni atuwekee meza yetu. Alikuwa akifuta bilauri. Akaacha kufuta, akauliza kama natania. Meza ile hawekewi mgeni, alisema, ile ni ya wazee, na juu yake kinaning'inia kibao cha chuma cha kuwaambia wageni wakae mbali. Sikukiona?

Nilikiona. Nilidhani ni pambo.

Nikamuuliza mbona Juni ilikuwa tupu. Akaniangalia kwa huruma. "Mwanangu, siku ile sote tulikuwa makaburini. Tulikuwa tunamzika Mzee Egid."

Nakumbuka vizuri. Wazee watatu waliingia wamevaa nyeusi, kofia mikononi, wakasimama kimya kututazama tulivyokumbatiana, na mmoja akafuta machozi. Miezi minne sasa nawasimulia watu jinsi kijiji kilivyoguswa na penzi letu. Nimelisema hata kwenye hotuba ya harusi.

Haidhuru. Meza ni yetu kwa haki ya mapenzi. Veit sijamwambia kitu. Itakuwa zawadi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mpango wa kwanza ulikuwa rahisi: kufika kabla yao. Wazee huja saa kumi kamili. Mimi nilikaa saa nane, na kitabu, na sweta ya Veit kwenye kiti cha pili ili kionekane kina mwenyewe. Niliona wakinikuta nimekaa wataona haya, watakwenda kwingine. Waungwana hufanya hivyo.

Saa kumi wakaingia. Mzee Lorenz mwenye mabwawa, Mzee Ottmar aliyekuwa tarishi, Mzee Baptist anayepiga kengele za kanisa na kwa hiyo hasikii vizuri. Lorenz akakaa kulia kwangu, Ottmar kushoto, Baptist akaketi juu ya sweta ya Veit. Mama Kuni akawaletea bia nyeusi kwenye magi zao za udongo, zile zinazotundikwa rafuni kila moja kwa jina. Wakaanza kuzungumza wakinivuka, kama vile mimi ni kichupa cha chumvi.

Lorenz alieleza jinsi ya kumtoa samaki matumbo. Alieleza kwa mikono. Baptist akauliza kwa sauti ya kengele, "Huyu binti ni wa nani?" Ottmar akamjibu, "Ndiye yule wa siku ya mazishi." Basi ndivyo ninavyojulikana hapa.

Baadaye wakagawa karata. Wakazitazama. Wakazikusanya tena bila kucheza. Nikauliza kuna nini. Lorenz akasema karata zao ni za watu wanne, wa nne alikuwa Egid, na wakicheza watatu ni sawa na kuimba misa ya mazishi bila padri. Lakini huwa wanagawa kila siku. Mkono umezoea.

Nilivumilia mpaka saa kumi na moja na nusu. Nilipopanda chumbani Veit alinikumbatia, akanusa nywele zangu, akauliza kwa upole kama nimekuwa nikivuta kiko kando ya samaki. Jinsi anavyonijali!

Jumamosi, 11 Oktoba

Sitaki kuandika ya leo lakini nitaandika, maana ndoa njema hujengwa kwa ukweli, na shajara pia.

Ilikuwa siku ya kupika bia. Nikawaza: ni kitu gani kinachoweza kuwanyanyua wazee hawa? Bia ya bure. Kama ingefaa leo, ningeirudia kesho. Basi saa kumi na robo nikapita karibu na meza yao, nikasema kama anayejisemea kwamba Alwin anaonjesha bia mpya huko nyuma, anasubiri wazee tu.

Wakanyanyuka wote watatu. Muujiza! Mzee Baptist, ambaye jana alihitaji mtu wa kumshika mkono, alitangulia. Nikakaa. Meza yangu! Nilipapasa ubao wake na nikapata alama ndogo ambayo nina hakika ni ya pete yangu.

Dakika tatu hazikuisha. Wakarudi, na nyuma yao Alwin, aproni imelowa, uso mwekundu, akitaka kujua nani amesema anaonjesha bia wakati bia yenyewe ndiyo kwanza inachemka. Ottmar akaninyooshea kidole. Nikaanza kueleza habari ya mapenzi na haki. Nilieleza kwa urefu. Alwin alikuwa bado ananisikiliza, mdomo wazi, pale Mama Kuni alipopiga ukelele kutoka uani.

Sufuria kubwa ya shaba ilikuwa imefurika. Ile togwa ya moto, yaani bia isiyochacha bado, ilipita chini ya mlango, ikavuka ua, ikateremka mpaka kwenye maegesho na kuzunguka gari letu, ambalo bado lina riboni za harusi. Riboni zimeganda. Bata wa Mzee Lorenz wamenata wawili.

Veit aliposhuka ilibidi nimwambie yote. Hakukasirika. Alikunja suruali, akachukua brashi, tukausugua ua pamoja saa mbili nzima, magotini, bega kwa bega. Nilimwambia hii ndiyo fungate hasa, kila kitu tunachokigusa ni kitamu. Akasema ndiyo mpenzi, lakini meza ya dirishani nayo ni nzuri. Nikambusu. Midomo ikanata kidogo.

Hajui ninavyompenda. Sikubali ya dirishani.

Jumapili, 12 Oktoba

Siku yetu!

Niliamka na mpango uliokamilika. Kosa langu lilikuwa kuwaondoa wazee kwa hila, kumbe wanataka kitu kimoja tu: mtu wa nne. Na Veit alifundishwa karata na babu yake. Kwa hiyo saa tisa na nusu nilimpa maelekezo. Akajitolee kucheza raundi moja, moja tu, lakini wachezee kile chumba kidogo cha pembeni, kwa kuwa joto la jiko linampa kizunguzungu. Wakishaingia, mimi nakaa mezani, naagiza chakula, naye baada ya robo saa anaaga na kuja.

Veit alisema joto halimpi kizunguzungu. Nikamwambia leo linampa.

Natamani ningeweza kuchora nyuso zao aliposema anajua karata zile. Lorenz aliweka magi chini. Ottmar akamuuliza kama anajua kupoteza bila kununa. Veit akasema babu yake alimfunza hilo kwanza. Baptist akauliza anasemaje, akaelezwa, akanyanyuka akabeba kiti chake mwenyewe mpaka chumba cha pembeni.

Meza ikabaki tupu. Nikakaa. Nikawasha mshumaa. Mama Kuni alinitazama sana, lakini akaleta nilichoagiza, samaki wa bwawa aliyepasuliwa katikati na kukaangwa mpaka mapezi yakawa yanavunjika kama bisi, nusu yangu na nusu ya Veit. Kupitia kioo cha mlango niliuona mgongo wake. Mgongo mzuri. Niliuinulia bilauri.

Robo saa ikapita. Saa ikapita. Sikuweza kwenda kumwita, maana ningenyanyuka tu, meza ingechukuliwa. Wageni wawili wenye baiskeli walikuwa wakiiangalia. Kwa hiyo nilikula nusu yangu. Kisha nusu yake, isipoe. Mshumaa uliisha saa kumi na mbili kasoro. Kutoka chumba kile nilisikia kishindo cha karata na kicheko cha Veit, kile cha tumboni, ambacho nilidhani ni mimi peke yangu ninayejua kukitoa.

Saa kumi na mbili alitoka. Macho yalikuwa yamemlowa. Mikono miwili ilishika magi ya udongo.

"Walli," akasema, "wamenipa ya Egid."

Alikuwa amepoteza raundi tisa na hakununa hata moja. Mjane wa Egid, ambaye ni dada yake Lorenz, alikuwa amesema magi ile itashushwa siku atakapopatikana mtu. Lorenz alikwenda mwenyewe kuishusha. Basi Veit sasa ndiye wa nne, kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi, na kiti chake ni kile cha kando ya jiko. Pale pale alipopiga goti. Wake hawakai pale karata zikichezwa. Ottmar alinieleza kwa adabu sana, akaniomba ninyanyuke.

Nilikwenda dirishani. Maua yale ni ya plastiki.

Lakini macho yake! Hajanitazama vile tangu Juni. Najua alikuwa anaitazama magi, lakini mimi nilikuwa nyuma ya hiyo magi hapo hapo.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nyumbani. Veit amekwenda kazini akipiga mluzi. Nimeziondoa riboni kwa kisu.

Nimefikiri tangu asubuhi na nimegundua kosa langu. Niliwapa mtu asiye sahihi. Wazee hawahitaji Veit. Wanahitaji mtu wa nne, yeyote. Mjomba Gangolf ni mjane, anapenda bia nyeusi, hacheki lakini hanuni, na jiko la moto kweli humpa kizunguzungu. Nikimpeleka, atakaa yeye nafasi ya Veit, karata zitahamia chumba cha pembeni moja kwa moja, na meza itabaki kwa wenye mapenzi. Wala sioni mahali ambapo mpango huu unaweza kuharibika. Mjomba sijamwambia kitu. Veit pia. Itakuwa zawadi.

Nimemwandikia Mama Kuni kadi na kuipeleka posta mwenyewe. Nimemwomba radhi tena kwa habari ya sufuria, nimewasalimu bata. Nimemwahidi kwamba tutarudi kabla mwezi haujaisha, Alhamisi ya tarehe thelathini, watu watatu, na nimemwomba, kama si usumbufu, atuwekee ile meza ya duara kando ya jiko.