Matone Katika Kahawa ya Shangazi

Jumatatu, 21 Julai 2025
Naapa kuandika yote, hata ya kuniaibisha. Madam Consolatha wa Klabu ya Afya atachagua mmoja wetu akazungumze Dodoma kuhusu vitamini D. Lazima niwe mimi! Kila mtu amchunguze mmoja wa nyumbani kwao. Madam ametuonya: kwanza uliza kama mtu huyo hupata jua. Ukiwa na shaka, apimwe damu hospitali. Dawa ni kwa amri ya daktari. Safari ndefu!

Eustadia wa Kwihara kamchagua bibi yake, anayeshinda uani akianika michembe ya viazi vitamu. Nilicheka. Jua lote lile, atapungukiwa na nini?

Mimi nina Shangazi Ruaa. Kutwa yumo dukani Kanyenye, nyuma ya majora ya vitambaa, baibui hadi kwenye kucha. Magoti yanamuuma. Mgonjwa wa dhahabu!

Jumanne, 22 Julai
Nimemsihi akapimwe. Kasema damu yake si sharubati ya kugawia watoto. Basi. Nimenunua matone ya vitamini D duka la dawa. Kumi ndani ya kahawa yake ya alasiri.

Alhamisi, 24 Julai
Mafuta yanaelea! Shangazi kaona kahawa inang'aa, akamvaa kaka yake, Ami Yaqoub, aliyeichemsha: birika kakaangia sambusa? Ami kaapa mara tatu. Mimi nikaendelea kukunja vitambaa. Sayansi haikosi wa kuteseka.

Nimeongeza matone matano.

Jumamosi, 26 Julai
Shangazi ana kichefuchefu. Kwa hofu nimesema kweli. Akavuta mtoto wa meza, akatoa karatasi ya hospitali. Alishapimwa tangu Mei! Vitamini ilikuwa chini, akapewa vidonge, kimoja kwa wiki. Alificha ili wateja wasimwone mzee. Nami nikamrundikia matone juu ya vidonge! Daktari kasema aache vyote hadi apimwe tena. Shangazi kaniita daktari wa birika, mbele ya wanunuzi.

Jumatatu, 28 Julai
Dodoma anakwenda Eustadia. Aliuliza maswali tu, akaandika kwamba bibi hahitaji kipimo wala dawa. Madam kasema kumjua asiyehitaji dawa nako ni elimu. Elimu gani, kumwacha mtu kama alivyo?

Kosa langu nimeligundua. Ni kahawa: haifichi mafuta. Chupa bado ina nusu, na bibi yule akiimarika mifupa, Madam atajua nani alistahili. Nimempelekea Eustadia kikaratasi darasani:

Hongera, shoga yangu. Jumamosi nakuja kumsalimia bibi. Nijibu kabla ya kengele: uji wake hupenda wa maziwa, au wa karanga wenye mafuta mengi?