Daraja Lenu Litaifupisha Historia Yetu

Ndugu Mhandisi wa Daraja,

Salamu nyingi. Mimi ndiye ninayevuta kamba ya pantoni hapa mtoni, tena ndiye mwanahistoria wa kijiji. Ukimuuliza mwingine utadanganywa. Wapimaji wako wamepigilia vigingi kingo zote mbili, wanasema daraja linakuja. Kwa heshima zote, nalikataa. Sababu hizi hapa:

1. Historia. Wageni nawasimulia tukiwa majini, na urefu wa historia unategemea mto. Kiangazi mto umekonda, basi naanzia kwa babu yangu. Masika ukifura, naanzia kwa watu wa kwanza kabisa, waliofika hapa wakashindwa kuvuka, wakasema basi tunakaa. Darajani mtu anapita dakika moja. Dakika moja nimwambie nini? Karibu, kwaheri?

2. Vivutio. Tunavyo vitatu: jiwe la kiboko, ambalo ukilitazama sana si kiboko wala nini, kinu cha zamani cha kusagia nafaka kilichobaki gurudumu tu, na mimi. Vyote vinapendeza ukiwa katikati ya mto, hasa mimi.

3. Ndoa. Baba na mama walikutana wakisubiri pantoni. Shangazi yangu, muuza chai wa gatini, ameshuhudia ndoa kumi na moja za hivyo. Watu wasiposubiri, wataoana saa ngapi? Mtajibu ninyi.

4. Hapa ndipo panaponiuma. Mpimaji wako mmoja kaniambia, "Dogo, tafuta kazi nyingine." Kazi gani, ndugu yangu? Shule niliachia darasa la sita, kwa makubaliano na mwalimu. Mikono hii inajua kamba tu, na mdomo huu unajua mto tu.

Kwa hiyo ng'oeni vigingi. Kama ni lazima mjenge, basi lijengeni la kuzungukazunguka, mtu alitembee saa nzima, nami mniwekee kiti katikati.

Nisalimie mama watoto, makarani wote wa ofisini, na huyo mpimaji. Mwambie bado nipo.

Wako mtiifu, kwa kiasi,
Profesa wa Kamba

Nyongeza: Barua hii imekaa mfukoni siku nne. Jumatatu kamba ilikatika nikiwa ng'ambo, pantoni ikaenda zake na maji. Shangazi ananipungia mkono kutoka kule, anacheka mpaka anakaa chini. Historia nzima, ile ya masika, nimewasimulia mbuzi watatu, wawili wameondoka. Naituma kwa lori lenu la kokoto. Tafadhali, hilo daraja anzieni upande huu, na ikiwezekana leo.