Chumba cha Taa Chazungushiwa Kamba

Kamati ya Kuhuisha Urithi ilitangaza kwamba mgodi wa zamani unaopita chini ya bahari sasa ni hazina ya taifa, na hazina haikai na watu. Mama Taa, aliyewagawia wachimbaji taa tangu usichana wake na bado akilala nyuma ya chumba cha taa, akapewa barua ya Mkurugenzi wa Kamati: saa sita mchana ahame, kwa kuwa uwepo wake unaathiri mwonekano wa kihistoria.

Kuambiwa habari za mwonekano na Mkurugenzi mwenye kitambi kile, hilo lilimkaa kooni.

Saa tano Mkurugenzi akafika kukagua, kofia ya mgodi ingali na nailoni. Mama Taa akampa kibati chenye namba akitundike ubaoni, kama kila anayeshuka. Ndivyo wanavyojua nani yuko chini. Mkurugenzi akasema yeye anajulikana. Akashuka.

Saa sita kamili askari akazungusha kamba. Marufuku kugusa ubao, simu wala kengele. Mama Taa akaketi nje juu ya godoro lake, majirani wakajaa kumpa pole na kusikia mapya.

Simu ya kutoka chini mgodini ikalia. Ikalia tena. Fundi wa winchi, ambaye hapandishi mtu bila kengele ya chumba cha taa, akafunua ukurasa wa michezo. Naibu Mkurugenzi akaeleza kwa utulivu kuwa kuvuka kamba kunahitaji kibali cha Mkurugenzi. Akaandika barua ya kukiomba, akaituma ofisini kwa Mkurugenzi. Jibu likaja: hayupo.

Kufikia saa tisa shati la Naibu lilikuwa limelowa.

“Mama yangu, tusaidie. Bosi yuko chini.”

“Ubao unasemaje, mwanangu?”

Akachungulia. “Unasema hakuna mtu.”

“Basi Mkurugenzi hayupo. Na asipokuwepo, nani anasaini?”

Naibu akanyoosha tai, taratibu. Barua ilitoka kwa dakika nne: Mama Taa ni sehemu ya urithi, hahamishwi, na kengele ni yake. Saini: Kaimu Mkurugenzi. Mama Taa akaisoma mara mbili, akavuka kamba, akapiga kengele.

Mkurugenzi akaibuka mweusi kwa vumbi la makaa, akakimbilia barua ile aichane. Askari akamzuia.

“Pole, mzee. Bila kibali cha Mkurugenzi hupiti.”

“Mkurugenzi ni mimi!”

Askari akamgeukia Kaimu, ambaye aliahidi, kwa heshima zote, kwamba suala la mzee huyu litajadiliwa kwenye kikao kijacho.