Reale Yenye Ndevu

Jamani, leo nimeaibika Newala, tena nikiwa nimevaa koti!

Asubuhi tumetoka Masasi, mimi na binamu yangu Hamisi, kwenda kumposea mchumba. Mshenga ni mimi. Nafundisha Kiswahili sekondari, na Hamisi anaamini mwalimu wa Kiswahili hakosi neno. (Niliyemwaminisha ni mimi mwenyewe.) Wazee wa binti walikuwa wametuagiza beberu, basi tukakodi kirikuu, kile kigari cha mizigo, tukapanda naye mlima. Njia nzima ananitafuna koti.

Tumefika. Beberu nikamfunga nyuma ya nyumba, tukakaribishwa mkekani. Baba Somoe, baba wa binti, mtu mpole kabisa. Chai, mihogo, korosho za kukaanga. Mahari tukaelewana bila kelele. Hamisi anatabasamu mpaka gego la mwisho linaonekana.

Ndipo akaingia bibi yake Somoe. Mfupi, mkongwe, macho makali.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, wanangu." Akakaa, akanikazia macho mimi. "Mimi sina mengi. Mama yangu aliolewa kwa reale. Na mimi niliolewa kwa reale. Reale mmekuja nayo?"

Reale? Neno hilo sijawahi kulisikia! Mtu mwenye akili zake angeuliza. Mimi nikawaza haraka haraka: Bibi ni Mmakonde, mimi ni Myao, na kitu pekee ambacho hatujakikabidhi ni beberu. Basi! Reale ni beberu kwa Kimakonde.

"Ipo, Bibi," nikajibu kwa sauti ya darasani. "Tena dume."

"Dume?"

"Dume haswa. Ina ndevu."

Hamisi akanifinya paja. Nikadhani ananipongeza.

"Sasa iko wapi?" Bibi akauliza taratibu.

"Nimeifunga nyuma ya nyumba. Inakula majani."

Baba Somoe akaweka kikombe chini. Mabega yake yakaanza kutikisika. Bibi akafungua pindo la khanga, akatoa kitu cha duara, kizito, cheusi kwa uzee, akakiweka kwenye kiganja changu.

"Hii ndiyo reale, mwanangu. Sarafu ya fedha, ya Wazungu wa zamani. Ya kwangu ina sura ya mwanamke. Kwa hiyo ya kwenu ndiyo yenye ndevu?"

Nikaangalia. Kweli, mwanamke, tena kajaa vizuri. Nikatafuta pa kujishikiza.

"Samahani, Bibi. Mimi Kimakonde sikijui."

"Kimakonde? Hicho ni Kiswahili, Mwalimu. Cha zamani."

Nyumba ikalipuka! Baba Somoe akalala chali mkekani. Wanawake waliokuwa jikoni (kumbe walikuwa wanasikiliza muda wote) wakapiga vigelegele. Na beberu naye, huko nyuma, akaitika. Meee! Nikatamani ardhi inimeze na koti langu.

Hamisi hacheki. Jasho linamtoka, anaona mke anampotea kwa sababu ya mdomo wangu. Na mimi nikaogopa kweli. Nikapiga magoti mbele ya Bibi.

"Bibi, nihukumu mimi. Huyu kijana hana kosa."

Bibi alikuwa anafuta machozi kwa khanga. "Inuka, baba. Siku hizi reale mtaitoa wapi? Nilitaka tu kusikia mshenga atasema nini. Tangu mzee wangu afariki sijacheka hivi." Akamgeukia Hamisi. "Mke umepata. Ila siku ya harusi huyu Mwalimu akae karibu na mimi."

Hamisi akanikumbatia mpaka nikakosa pumzi.

Harusi ni baada ya msimu wa korosho, mnakaribishwa wote. Ila nawaomba sana, mtu asicheke. Mke wangu nimemsimulia kwa simu, ameshacheka kwa niaba ya Masasi nzima.